Piriton Haifungui Koo

Ilikuwa saa mbili usiku, dukani wamebaki wateja wawili, akaingia baba mmoja amembeba binti wa miaka kama minne begani. "Dokta, nipe Piriton ya maji, mtoto kala kashata, anajikuna." Ndivyo watu wanavyotuita sisi wa maduka ya dawa, hata ukiwaambia wewe ni mfamasia tu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika rafuni. Kabla sijaishika chupa, mtoto akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kama cha mtu aliyepaliwa. Na alipomwita baba yake, sauti ilitoka nusu. Nikauliza kama ametapika. "Mara mbili, njiani." Nikauliza wametoka wapi. Kumbe walishapita zahanati moja, mtoto akachomwa sindano ya haidrokotisoni, wakaambiwa wakanunue Piriton, wampe, atalala.

Sikumuuzia. Tulisimamisha bajaji, nikapanda nao mpaka hospitali, na njia nzima nilikuwa namsemesha yule mtoto ili nisikie sauti yake. Kule alichomwa adrenalini pajani. Dakika 10 hazijaisha alikuwa ameketi kitandani anaulizia ndala yake moja iliyobaki dukani kwangu.

Dawa zote zilizotajwa usiku ule watu huziita "dawa za aleji", kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja na ukikosa hii utachukua ile. Si ndugu. Kila moja ina kazi yake, ina muda wake wa kuanza kufanya kazi, na ina mambo isiyoyaweza kabisa. Nakuandikia uzijue leo, ukiwa umetulia, kwa sababu siku mtoto au mgeni wako atakapovimba midomo mezani hutakuwa na nafasi ya kusoma.

Kinachotokea mwilini

Mtu mwenye mzio wa karanga, korosho, kamba, mayai au maziwa ana kingamwili zilizokwisha kuitambua protini ya chakula hicho na kuihesabu adui. Kingamwili hizo zimejibandika juu ya seli zilizotapakaa chini ya ngozi, kooni, kwenye mapafu na utumboni. Chakula kikifika, seli zile humwaga mzigo wao wote kwa mara moja. Ndani ya mzigo huo mna histamini, ambayo ndiyo maarufu, lakini mna kemikali nyingine nyingi pia. Kwa pamoja hutanua mishipa ya damu na kuifanya ivuje maji, hivyo ngozi huvimba na presha hushuka. Hubana njia za hewa, hivyo kifua hutoa mluzi. Na huvuruga tumbo, hivyo mtu hutapika na kuharisha.

Shikilia hapo: histamini ni mmoja tu katika kundi. Dawa inayomzuia huyo mmoja haiwazuii wenzake.

Shambulio dogo hukaa kwenye ngozi: vipele vilivyovimba, kuwashwa, midomo au kope kufura kidogo. Shambulio kubwa, ambalo wataalamu huliita anafilaksia, huingia ndani. Dalili zake ni sauti kukwama au kukwaruza, kushindwa kumeza mate, kikohozi kisichokoma, kifua kubana, kizunguzungu, kuzirai, mtoto kulegea na kupauka ghafla. Vipele vikiandamana na kutapika kwa kurudiarudia, nalo lihesabu kubwa. Na usisubiri vipele ndipo uamini, maana wapo wanaoishiwa pumzi bila hata kipele kimoja. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida saa mbili hazipiti.

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 na daktari Richard Pumphrey, aliyechunguza vifo vya anafilaksia nchini humo. Waliouawa na chakula, muda wa katikati tangu dalili kuanza mpaka moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30. Weka namba hiyo kichwani tunapozipima dawa moja moja.

Dawa za kuzuia histamini

Hizi ndizo zilizo majumbani. Kongwe wao ni klofeniramini, ile tunayoiita Piriton hata kama chupa ina jina jingine. Promethazini ni wa rika lake. Vijana wao ni setirizini na loratadini. Zote hufanya jambo moja: huziba mlango ambao histamini ingeingilia. Kwa hiyo hupunguza kuwashwa, hutuliza vipele, hukausha mafua na macho yanayotoa machozi. Kwa shambulio dogo la ngozi zinatosha, na sina neno baya juu yake.

Ukiniuliza nichague ipi, nitachagua setirizini. Klofeniramini hupenya mpaka kwenye ubongo na kuleta usingizi mzito. Nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6, kisha unalazimika kurudia. Setirizini huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, hudumu kutwa nzima, na usingizi wake ni mdogo, ingawa kwa baadhi ya watu upo. Mtu mzima na mtoto wa miaka 12 kwenda juu hunywa miligramu 10 mara moja kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hunywa miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Wa miaka 2 hadi 5 hunywa miligramu 2.5 asubuhi na 2.5 jioni. Aliye chini ya miaka miwili apimwe na daktari kwanza, na mwenye ugonjwa wa figo apunguziwe dozi. Loratadini miligramu 10 kwa siku ni mbadala mzuri kwa mtu mzima anayeendesha gari au bodaboda.

Promethazini usimpe kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili; inaweza kumzimisha pumzi. Klofeniramini nayo humtesa mzee mwenye tezi dume, mkojo ukagoma kutoka, na haifai kwa mwenye presha ya macho. Tena angalia dawa za mafua ulizo nazo kabatini: nyingi zimechanganywa na klofeniramini. Mama akimpa mtoto dawa ya mafua na juu yake Piriton, amempa dozi mbili bila kujua.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni ule usingizi wenyewe. Mtoto aliyekula karanga akapewa Piriton akalala, wazazi hushusha pumzi: amepata nafuu. Huenda ni dawa imemlaza. Huenda pia presha yake inashuka na anazimia polepole mbele ya macho yenu. Wote wawili wanafanana pale kitandani. Ndiyo maana mtoto mwenye shambulio, hata dogo, ni vizuri kumpa dawa isiyolaza, na mtu mzima akae naye, amsemeshe, amfunue shuka atazame ngozi na asikilize pumzi, kwa saa kadhaa.

Tena hakuna dawa ya kuzuia histamini, ya zamani au mpya, ya kidonge au ya sindano, inayopandisha presha iliyoshuka au kufungua koo lililovimba. Baraza la Uingereza la kuhuisha wagonjwa, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, liliziondoa dawa hizi kabisa kwenye hatua za kwanza za kutibu anafilaksia. Zinakuja baadaye, mgonjwa akishatulia, kwa ajili ya kuwashwa tu.

Adrenalini

Hii ndiyo yenyewe. Adrenalini hukaza mishipa iliyolegea, presha ikapanda na uvimbe ukapungua. Hulegeza misuli ya njia za hewa, kifua kikafunguka. Huupa moyo nguvu. Na huziambia zile seli ziache kumwaga mzigo wao. Hakuna dawa nyingine inayofanya mambo hayo manne kwa pamoja, na hufanya kazi kwa dakika, si kwa saa.

Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Bega si mahali pake, na chini ya ngozi huchelewa. Kwenye mshipa ni kazi ya wataalamu wenye mashine ya kufuatilia moyo, kwani huko makosa huua. Ampuli ya kawaida ina miligramu 1 katika mililita 1. Kutoka humo, mtu mzima na kijana wa zaidi ya miaka 12 huchomwa mililita 0.5, mtoto wa miaka 6 hadi 12 huchomwa 0.3, wa miezi 6 hadi miaka 6 huchomwa 0.15. Ikiwa dakika 5 zimepita na hali haijabadilika, inarudiwa. Nimekupa vipimo hivi si ili umchome mwanao bila mafunzo, bali ili ukiwa hospitalini ujue unachokiona, na uweze kuuliza kwa adabu: "Daktari, adrenalini ameshapata?"

Utasikia watu, hata baadhi ya wahudumu wa afya, wakiiogopa. Wameizoea kama dawa ya mgonjwa aliyekwisha kukata roho, hivyo huona kuitumia kwa mtu anayeongea ni kuvuka mpaka. Ni kweli moyo utaenda mbio, mikono itatetemeka, uso utapauka, kichwa kitagonga. Hayo huisha baada ya dakika chache. Kwenye anafilaksia, si mzee, si mjamzito wala mwenye presha anayepaswa kunyimwa sindano hiyo. Hatari kubwa iko kwenye kuichelewesha. Mgonjwa anayetumia dawa za moyo kama propranololi au atenololi aseme mapema, kwa sababu zinaweza kuipunguza nguvu adrenalini, na daktari atahitaji mbinu nyingine.

Ughaibuni watu hutembea na kalamu yenye dozi tayari, kama EpiPen ya miligramu 0.3 kwa mkubwa na 0.15 kwa mtoto. Unaikandamiza pajani, hata juu ya suruali au khanga, nayo inachoma yenyewe. Marekani mwezi Agosti 2024 iliidhinisha pia adrenalini ya kupuliza puani, iitwayo neffy. Kwetu kalamu hizi ni adimu na bei yake ni mzigo. Ukiwa na ndugu Muscat, London au Toronto na daktari wako amekuandikia, muulize ndugu huyo kama anaweza kukuletea. Angalia tarehe ya kuisha, usiiache kwenye gari lililoanikwa juani, na usiiweke kwenye friji. Dawa ikigeuka rangi ya waridi au ya kahawia, imeharibika.

Asiye na kalamu asikate tamaa. Ampuli ya adrenalini ni dawa ya bei nafuu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa familia inayoishi mbali na hospitali na yenye mtu aliyewahi kupata shambulio kubwa, daktari anaweza kuamua kuwapa ampuli na mabomba ya sindano, akawafundisha kuvuta dozi mpaka mkono uzoee. Si rahisi, mtu mwenye hofu huchukua muda kuvunja kile kioo na kuvuta kiasi sahihi. Ndiyo maana mafunzo ni lazima, na yarudiwe.

Steroidi, na pampu ya pumu

Haidrokotisoni, deksamethasoni na prednisoloni zina heshima kubwa huku kwetu. Mgonjwa akichomwa haidrokotisoni huona ametibiwa hasa. Ukweli ni kwamba steroidi huhitaji saa kadhaa ndipo ianze kuonesha kazi yake. Rudi kwenye ile namba ya dakika 30, ujibu mwenyewe. Zamani zilitolewa kwa imani kwamba huzuia shambulio lisirudi usiku, lakini ushahidi wa jambo hilo ni dhaifu, na mwongozo ule ule wa Uingereza wa 2021 haupendekezi tena zitolewe kwa kila mgonjwa. Zina nafasi kwa mwenye pumu, na kwa vipele vinavyokataa kuondoka, kwa siku chache chini ya daktari.

Kwa hiyo sikubaliani na tabia ya kuweka prednisoloni kabatini kama vitamini. Vivyo hivyo vile vidonge vinavyouzwa kama "dawa kali ya aleji": soma viambato nyuma ya pakiti. Ukiona betamethasoni au deksamethasoni, unameza steroidi. Zikinywewa mara kwa mara hupandisha sukari na presha, huudhoofisha mwili mbele ya maambukizi, na mwenye kuzizoea akiziacha ghafla anaweza kuanguka.

Pampu ya salbutamoli hufungua mirija ya mapafu, basi. Haiondoi uvimbe wa koo na haigusi presha. Mwenye pumu na mzio wa chakula yuko kwenye hatari zaidi kuliko wengine, na kosa linalojirudia ni kudhani mluzi wa kifua ni pumu yake ya kila siku, akapuliza pampu na kusubiri. Kama amekula kitu kinachomdhuru, adrenalini kwanza, pampu baadaye.

Maziwa, mkaa, ndimu, kumtapisha mtu kwa kidole: hakuna hata kimoja kinachozuia kilichokwisha kuanza. Maziwa yanaweza kuwa ndiyo yaliyomdhuru. Losheni ya kalamini ipake kwa ajili ya kuwashwa, kisha uendelee kumtazama mgonjwa.

Si kila kinachowasha ni mzio

Watu wa Pwani wanalijua hili bila kulijua. Mtu amekula jodari au vibua miaka yote, leo amekula uso ukawa mwekundu, mdomo unachoma, moyo unadunda, ngozi inawasha, na waliokula naye sinia moja nao hivyo hivyo. Huo si mzio wa samaki. Samaki hao wakikaa bila barafu, bakteria hugeuza asidi amino iliyomo ndani ya nyama yao kuwa histamini, na histamini hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Hapa dawa ya kuzuia histamini hufanya kazi vizuri, kwa sababu adui ni histamini peke yake. Ila akianza kukosa pumzi au kuzirai, kimbia hospitali vilevile. Kilichobaki ni kugombana na muuza samaki juu ya barafu.

Anayevimbiwa, kujaa gesi na kuharisha kila akinywa maziwa, bila kipele wala mluzi, huenda tumbo lake halisagi sukari ya maziwa. Setirizini haitamsaidia hata akinywa pakiti nzima. Apunguze maziwa, ajaribu mtindi.

Chanzo hasa cha mzio kinahitaji kutafutwa kwa subira. Uji wa lishe unaouzwa sokoni mara nyingi una karanga, soya, ngano na ufuta ndani ya mfuko mmoja. Mama anaona mtoto amevimba, anasema "ni uji", na hajui ni kipi kati ya vinne. Mnunulie nafaka moja moja, saga mwenyewe, na uandike kwenye daftari alichokula, saa, na kilichotokea. Daktari wa mzio ataanzia kwenye daftari hilo kabla ya kipimo cha ngozi au damu. Usimrudishie chakula unachokishuku ili "kuhakikisha".

Huenda umesikia juu ya tiba mpya. Mwezi Januari 2020 Marekani iliidhinisha unga maalumu wa karanga, Palforzia, unaotolewa kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole ili mwili wa mtoto uzoee. Mwezi Februari 2024 ikaidhinisha omalizumabu, sindano ya kila wiki 2 au 4, kwa mzio wa chakula kuanzia umri wa mwaka mmoja. Zote hupunguza ukali endapo mtu atakula kidogo kwa bahati mbaya. Hazitibu shambulio lililokwisha kuanza, na anayezitumia bado huepuka chakula chake na hutembea na adrenalini. Wala usijaribu kumzoesha mwanao karanga nyumbani kwa kijiko ukiiga unga huo. Ule hupimwa kwa miligramu, mbele ya daktari.

Siku yenyewe

Dalili zikiwa za ngozi tu, mpe setirizini kwa dozi ya umri wake na usimwache peke yake. Dalili ikigusa pumzi, sauti, presha au fahamu, au vipele vikiandamana na kutapika kwa kurudiarudia, usitafute kidonge. Mwenye kalamu achome pajani papo hapo, kisha safari ya hospitali ianze. Asiye nayo aanze safari mara moja, na mmoja wenu apige simu mbele ili wamwandae mtu. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Akiwa anahangaika kupumua, akae. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Msimsimamishe wala kumtembeza, hata akisema anaweza, kwa maana presha inayoshuka humwangusha mtu anaposimama ghafla. Akishapata nafuu, asikimbilie kurudi nyumbani. Shambulio linaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama hajala kitu kingine, hivyo akae chini ya uangalizi saa 6 au zaidi.

Shuleni, andika kwenye karatasi moja jina la mtoto, chakula kinachomdhuru, dalili zake na la kufanya, umpe mwalimu wa darasa na mama anayepika. Mama anayepika ndiye muhimu kuliko wote. Yeye ndiye anayejua kama kisamvu cha leo kimeungwa kwa karanga.

Na wiki hii, ukiwa unapita, ingia kwenye zahanati iliyo karibu na kwako. Uliza kama wana ampuli ya adrenalini, inakaa kabati gani, na nani ana ufunguo usiku. Wakisema hawana, mwambie mganga mfawidhi aiagize, kisha rudi tena uulize.